Jicho la Pembeni

“Chai yako hii,” mke wa fundi viatu alisema, akiweka kikombe kwenye meza ya kazi.

“Ahsante, mama watoto,” fundi alijibu, uso ameuelekeza kwenye mlango wa Mama Pasi, kana kwamba anaushukuru huo.

Mama Pasi alikuwa mjane wa ng'ambo ya barabara. Alipiga pasi nguo za watu barazani kwake, na kicheko chake kilisikika mtaa mzima. Kibanda cha fundi kilielekeana naye.

Mke wa fundi hakuwa mtu wa wivu, lakini haya yalikuwa yamezidi. Kwanza mzee alianza kukaa upande upande kwenye kiti chake. Kisha nyundo ikaanza kumponda vidole, yeye aliyezoea kugongelea misumari huku anapiga soga. Ni wazi akili haikuwa kwenye viatu. Na juzi walikutana sokoni ana kwa ana, akampita kama hamjui, mpaka mke alipokohoa.

“Labda ni macho,” alimwambia mdogo wake, akijitafutia nafuu.

“Macho gani, dada? Si alishatolewa mtoto wa jicho, kote kuwili? Wewe mwenyewe ndiye uliyemfungua bandeji. Tena jana sindano imeanguka kando ya kiti, nimemwona anaiokota bila hata kupapasa. Mwanamume asiyekutazama usoni ana lake jambo.”

Maneno hayo yalimchoma. Watoto walikwisha kuoa na kuolewa, nyumba ilibaki ya watu wawili. Aliogopa kuachwa uzeeni, na zaidi aliogopa kuachwa kwa ajili ya mtu anayemwona kila asubuhi akifungua dirisha.

Jioni, wateja walipokwisha, aliingia kibandani na kigoda. Akakiweka mbele kabisa ya mumewe, akaipa barabara mgongo, akamziba Mama Pasi na pasi yake yote. Magoti yao yakagusana. Haya, sasa tuone atatazama wapi.

Fundi aligeuza kichwa taratibu, akautazama ukuta. Ukuta mtupu, usio na hata kalenda.

Mke alijikaza, lakini chozi halikumsikiliza.

“Yaani bora ukuta kuliko mimi? Kama nimekuchosha, baba watoto, sema. Nifunge virago vyangu niende kwa mwanangu, nikuache na mpiga pasi wako.”

“Mpiga pasi?” Fundi alishangaa kweli. Akaweka nyundo chini, akashusha sauti. “Nitakwambia, lakini wateja wasisikie. Wakisikia, nani ataniletea kiatu tena?”

“Sema.”

“Nikikutazama usoni, uso wako haupo. Pana doa jeusi tu hapo katikati, na kila mwezi linapanuka.”

Mke alimtazama, naye bado ameuelekea ukuta.

“Na huko ukutani unatazama nini?”

Fundi hakugeuka. Alinyoosha mkono, kidole kikaenda moja kwa moja shavuni kwake na kulifuta chozi.

“Wewe,” alisema. “Usilie.”