Kipaji cha Digna

Kikombe cha tatu wiki hiyo kilipomponyoka Digna na kupasuka sakafuni, Tekla alichukua ufagio huku akitabasamu. Wasanii ndivyo walivyo. Mikono yao ina kazi nyingine.

Tangu binti yake achaguliwe kucheza mbele ya maandamano ya misa, siku askofu atakapokuja Ifakara kutoa kipaimara, mwili wa mtoto ulikuwa haupumziki. Mabega yaliruka akiwa mezani. Vidole vilimchezacheza shuleni hadi mwandiko ukawa kama kuku kakatiza jaruba la mpunga. Akilala tu ndipo mazoezi yanakoma.

"Mama Digna, mwanao ngoma iko kwenye damu," alisema jirani yake, Violeth.

"Karithi kwangu," alijibu Tekla, yeye ambaye kwenye harusi yake mwenyewe alikanyaga shela akaenda chini pamoja na msimamizi.

Mama mkwe, aliyekuja kutoka Mofu na samaki wakavu, hakuvutiwa. "Huyu mtoto hatulii, mwanangu. Na anavyonikunjia uso, ananitania?"

"Ni mazoezi, mama. Siku hizi wanacheza mpaka na sura."

Hata mwalimu wa kwaya alipolalamika kwamba Digna anajiongezea mitindo asiyofundishwa, Tekla alimwitikia kwa heshima, akaondoka akimhurumia. Wivu mbaya sana.

Kilichomnyima raha ni koo. Tangu wapande mpunga, koo la Digna lilishavimba mara nne, na homa juu. Sasa zimebaki siku tatu askofu aje, na sauti imeanza kukwaruza tena. Tekla akaita bajaji, wakaenda zahanati.

"Mara zile nne, dawa alimaliza?" aliuliza Daktari Eustaki.

Tekla aliangalia kandambili zake. Kila homa iliposhuka, vidonge vilivyobaki alivitia kwenye kopo, akiba ya safari nyingine. Alijiona mama mwenye mipango.

"Bakteria wa koo wasipoisha, mama, wakawa wanarudi kila mara, askari wa mwili wanaweza..."

"Wanachanganyikiwa, wanaanza kumpiga mwenye nyumba," Tekla alidakia. "Viungo, moyo, hata ubongo! Nasoma masomo ya jioni, dokta. Swali hilo nilipata kumi kwa kumi."

"Hongera," alisema daktari.

Alimulika koo la Digna. Akasikiliza moyo, akarudia kuusikiliza. Kisha akaweka vifaa chini, akabaki anamtazama tu mtoto pale kwenye benchi: bega moja linapanda, vidole vinakwenda, mdomo unavutwa pembeni na kurudi.

Tekla alijaa fahari. Hata daktari kaona!

"Jumapili anacheza mbele ya askofu," alinong'ona. "Ndiyo hivyo, hata hapa anafanya mazoezi."

"Hebu mwambie aache kidogo."

"Digna, mama, acha kucheza, dokta akupime."

Digna aliikalia mikono yake yote miwili, akaibana kwa nguvu. Mmoja ukachomoka, ukaruka hewani. Akautazama, kisha akamtazama mama yake, machozi yakimlengalenga.

"Mama," alisema, "mimi mbona sichezi."