Bi Mdogo

Majani yalikuwa yamefutwa vumbi. Yote, mpaka yale ya chini kabisa ambayo mtu hayaoni asipopiga magoti.

Mke aliikuza picha kwenye simu, akairudisha, akaikuza tena. Alikuwa katika chumba cha kufulia cha hoteli, nchi ya mbali, mashuka ya wageni yakizunguka kwenye mashine nyuma yake. Mumewe, fundi wa redio, hakuwahi kufuta jani maishani mwake. Kazi aliyoijua ni kumwaga maji. Katika miaka sita ya ndoa alikuwa amezamisha mimea mitatu, na kwa kila mmoja aliapa kwamba ulikufa kwa kiu.

Huu wa nne, mmea wa kutambaa wenye majani mapana, mke aliupenda kuliko yote. Fundi aliubatiza Bi Mdogo kwa sababu, alisema, ndiye mke mwenza pekee atakayeruhusiwa sebuleni. Siku ya safari mke alimwachia masharti: maji mara moja kwa wiki, tena atie kidole kwanza kwenye udongo, jua kali asimwonyeshe, shina likirefuka alifunge kwenye gongo kwa uzi laini. Na kila Ijumaa atume picha, ili mwenyewe aone kama Bi Mdogo bado yu hai.

Mwaka wa kwanza Bi Mdogo aliteseka kama ilivyotarajiwa. Majani ya njano, udongo umelowa kama uji, na chini ya kila picha utani wa Fundi: mke mwenzako kanuna, rudi umbembeleze. Kisha, yapata miezi saba iliyopita, mmea ukaanza kunawiri. Shina likakwea gongo, likafungwa vizuri kwa mafundo madogo madogo. Kila baada ya wiki mbili, jani jipya. Na utani ukakoma. Ujumbe sasa ulikuja mfupi, wa kumtakia heri na kumuuliza kama amekula.

Mwenye hatia huwa na adabu sana, mke aliwaza.

Alipopiga simu haikupokelewa. Aliambiwa kwa maandishi kwamba spika imekufa. Akauliza fundi mzima anashindwaje kutengeneza simu yake mwenyewe. Jibu lilichelewa siku nzima: mganga hajigangi.

Picha alimwonyesha dobi mwenzake, mama mtu mzima aliyekwisha kuachwa na waume wawili, na ambaye hakujua kumumunya maneno.

"Mafundo haya kafunga mwanamke," alisema. "Dalili ya mvua ni mawingu, mdogo wangu."

Ndipo mke akampigia mama mkwe, aliyekaa mtaa wa nyuma ya nyumba yao. Alimpenda yule mama, na hakumficha kitu: majani, mafundo, simu isiyopokelewa. Mama mkwe alimwacha aseme yote mpaka mwisho.

"Hakuna mwanamke mwingine, mwanangu," alisema mwishowe. "Mume wako hajakusaliti. Naapa. Wewe maliza mkataba wako."

Na hapo ndipo mke alipoamini kabisa kwamba anasalitiwa. Damu nzito kuliko maji. Mama gani atamwanika mwanawe?

Hakumaliza mkataba. Alimwambia msimamizi kwamba anaumwa, na hakudanganya sana, maana kwa wiki mbili chakula kilikuwa hakipiti. Hakumwarifu mtu yeyote. Wazazi wake walikwisha kufariki na ndugu hakuwa naye. Fundi ndiye aliyekuwa kwao. Njia nzima aliogopa jambo moja tu, kufungua mlango wa nyumba yake na kukuta hana tena nafasi ndani.

Alifika Ijumaa, saa tisa alasiri. Kibanda cha Fundi cha kutengenezea redio, kando ya nyumba, kilikuwa kimefungwa, na ilikuwa saa ya kazi. Kinyozi wa jirani alimwona akishuka kwenye teksi na begi, akamwacha mteja na nusu ya ndevu, akaja kumshika mkono. Alisema afadhali amekuja, japo amechelewa, kisha akatazama chini. Kumbe mtaa mzima unajua, mke aliwaza, na uso ukamwaka moto kwa aibu.

Mlangoni palikuwa na jozi moja ya ndala za kike. Hakuzitambua. Alitia ufunguo wake na kuuzungusha polepole.

Bi Mdogo alikuwa amefika darini. Alikuwa amepinda huko juu, akafuata fimbo ya pazia, akaanza kuteremka upande wa pili, na sebule nzima ilikuwa na kivuli cha kijani. Chini yake mwanamke alikuwa amepiga magoti, mgongo kwa mlango, akifuta jani moja moja kwa kitambaa kibichi kama anayemwogesha mtoto. Alipomaliza aliichukua simu ya Fundi kutoka sakafuni, akapiga picha.

Simu ya mke ikalia mkobani.

Mwanamke aligeuka. Alikuwa mama mkwe, amekonda mpaka nguo zinamning'inia.

Mke alimpita bila salamu, akasukuma mlango wa chumbani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Hakukuwa na mtu, na viatu vya Fundi vilikuwa vimepangwa ukutani, vyote.

"Yuko wapi?" aliuliza. "Mama, mmemficha wapi na huyo mwanamke wake?"

Mama mkwe hakuinuka pale chini. Alimnyooshea ile simu kwa mikono miwili.

"Ana miezi saba kaburini, mwanangu," alisema. "Tulimzika asubuhi, jioni ukamwandikia, nami sikuweza kumzika mara ya pili."