Kipande cha Nundu

Perpetua aliipanga sahani ya mgeni kwa mkono wake mwenyewe, na kila penye mafuta alipitisha kisu. Nyama ikabaki kavu kama ubao.

Mgeni aliitwa Leokadia. Alikuja kuonja mvinyo mwekundu wa Italia ambao Gervas, mume wa Perpetua, alitaka kuuuza hapo mkahawani kwao. Tangu aingie, Gervas hakufunga mdomo. Mwanamume ambaye nyumbani hujibu kwa kuguna, leo anasimulia harufu ya maua iliyomo kwenye mvinyo!

Leokadia akatafuna, akanywa, akakunja uso. "Mvinyo huu una ukakasi, kaka Gervas. Unakausha ulimi kama ganda la ndizi mbichi."

"Huo unataka mafuta," Gervas akasema. "Mafuta ndiyo yanayoulainisha."

Perpetua, aliyesimama mlangoni mwa jikoni, nusura acheke. Kisha akamwona mumewe akichukua kipande cha nundu, kile kinono, kutoka sahani yake na kukiweka kwenye sahani ya Leokadia. Miaka kumi na tisa kipande hicho kilikuwa cha Perpetua. Kila walipokula nyama Gervas alimwekea yeye, kimya kimya, bila kuombwa.

"Ah, sasa!" Leokadia akasema, macho yakimng'aa. "Sasa umelainika."

Perpetua akaenda mezani, akajimiminia glasi, akaujaza mdomo bila kugusa nyama.

"Unauonaje, Mama Deo?" Gervas akamuuliza mkewe.

Ukakasi ulimshika ulimi na ufizi. Hakumeza, wala hakutema. Alimtazama tu mumewe, mashavu yamejaa.