Vipande Viwili vya Bati

Leo asubuhi nilikuwa namenya ndizi nyumbani Kishanda, mama akaniletea karatasi mbili za mafundi wa paa.

"Nisomee bei. Baba yako huko kisiwani Goziba anataka kumtumia fundi hela saa sita."

Nikasoma. Mmoja wao, Kyaruzi, alikuwa rahisi kwa mbali.

"Basi ni huyo, ngoja nimpigie baba yako. Tena tunaimba naye kwaya."

Kila fundi alikuwa ametuachia kipande cha bati. Nikabonyeza cha yule mwingine kwa kidole gumba, kikakaa vilevile. Cha Kyaruzi kikabonyea, alama ya kidole changu ikabaki hapo.

Nikarudia karatasi. Yule mwingine ameandika unene wa bati, geji 28, na kofia za kufunika mgongo wa paa kazihesabu. Kyaruzi ameandika "bati" tu. Kofia hamna.

"Mama, hizi bei siyo za paa moja."

"Na wewe umeanza ufundi lini? Menya ndizi."

Nikarudi kwenye ndizi, kama kawaida yangu. Alipoenda kuchota maji, nikachukua simu yake, vidole vinanata utomvu, nikaandika meseji.

"Baba, ni mimi. Usimtumie Kyaruzi kwanza. Bati lake linabonyea kwa kidole."

Ikaenda. Saa sita kasorobo. Saa sita kasoro dakika tano. Hajajibu.