Tambuu kwa Mkono wa Revati Bai

Siku ya tatu Revati Bai aliongeza sinduri kidogo, kiasi cha ncha ya ukucha. Aliichota kwenye kikopo cha mapambo ya bibi harusi, ile poda nyekundu wanayojipaka wake za watu katika njia ya nywele. Yeye hakuwahi kuolewa. Aliipaka mbele ya kamera tu. Juu yake alitia chokaa, katu na popoo, akakunja jani, akalibana kwa karafuu. Tambuu yenyewe hutia wekundu mdomoni, kwa hiyo nani angejua?

Waimbaji wote wa Bombay walijua kwamba sinduri ikiliwa huua sauti kooni. Mabibi wa zamani walimalizana hivyo, na kila nyumba ya muziki ilikuwa na kisa cha shangazi fulani.

Shalan alikuja mbio alipoitwa. Alikuwa msichana wa miaka ishirini, mmoja wa waitikiaji wa studio, mwembamba, uso umejaa makovu ya ndui. Aliinama akagusa miguu ya Revati, akapokea tambuu kwa mikono miwili.

"Mimi tena, Bai? Na leo?"

"Kula, mwanangu. Koo likikauka utaimba na nini?"

Msichana alitafuna huku machozi yakimlengalenga. Mjini mle kulikuwa na wake wa matajiri ambao wangevua bangili zao ili walishwe na mkono ule.

Kosa la Shalan lilikuwa hili. Filamu mpya ilikuwa na nyimbo tano. Jumanne Revati alirekodi ule wa mvua, na kama kawaida wapiga fidla waliinamisha macho alipokuwa akiimba, jambo ambalo yeye alilihesabu kuwa ni adabu. Jumatano alirudi studio kufuata shali aliyoisahau. Kupitia mlango wa chumba cha kurekodi alisikia wimbo uleule, fidla zote na ngoma zote, na ile pumzi ndogo aliyozoea kuikata mwishoni mwa mstari. Alichungulia, akamwona Shalan mbele ya maikrofoni. Msichana alikuwa amemwiga kila kitu, hadi kuhema.

"Namfundisha tu, Bai," alisema Ustadh Nisar, mtunzi wa muziki, akifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Vijana wajifunze kwako."

Revati alitabasamu, lakini damu ilikuwa inamchemka. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na kila filamu ilitaka poda nzito kuliko iliyopita. Kilichombakiza juu ni koo. Misimu miwili ya mvua iliyopita homa ya koo ilimlaza wiki saba, akadhani ndiyo basi. Halafu ikapigwa santuri ya kwanza baada ya kupona, naye akalia kwa furaha, maana sauti ilikuwa imerudi changa kuliko ilivyoondoka. Watu walisema homa imemsafisha. Kwenye santuri za siku hizo halikuandikwa jina la mwimbaji, liliandikwa la mhusika wa kwenye filamu, lakini hata muuza maziwa alijua anayeimba ni nani.

Na sasa kitoto hiki kije kumpokonya?

"Nani atamweka yule kwenye kamera?" alisema Gangu, mwanamke aliyemvisha na kumpamba, akimbana nywele. "Uso umechimbika kama jiwe la kusagia bizari."

"Hataki uso wangu, Gangu. Anataka koo langu."

Mkono wa Gangu ulisita na pini yake. "Yule muache, Bai. Nakuomba."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Ni yatima."

Revati alimcheka. Mayatima ndio wenye uchu, alisema, na kesho yake akakunja tambuu nyingine.

Siku ya tisa Shalan alianza kukohoa. Siku ya kumi na moja Revati alirekodi wimbo wa harusi, mkubwa kuliko yote ya filamu ile. Siku ya kumi na mbili Shalan alifungua mdomo asubuhi, ikatoka pumzi tupu. Daktari alimmulika kooni, akasema kuongea huenda akaongea, kuimba asahau. Revati alimpelekea kikapu cha makomamanga. Hakuona haya hata chembe. Alijuta tu kwamba hakuanza mapema.

Ustadh Nisar aliingia chumba cha mapambo, akakaa bila kukaribishwa.

"Umesikia habari za Shalan?"

"Nimesikia. Maskini wa Mungu."

"Kasri la harusi limeshajengwa, wachezaji wameshaitwa. Siwezi kungoja. Tutatumia tulichonacho."

"Na mnacho kizuri, Ustadh."

Alhamisi walipiga picha ya harusi. Revati alikaa kwenye bembea ya maua, sinduri ikiwaka katika njia ya nywele zake, wachezaji arobaini wamemzunguka. Kama siku zote, kazi yake ilikuwa kuchezesha midomo kufuata santuri. Mwongozaji aliinua mkono, taa zikawaka, sindano ikashushwa.

Fidla zilitangulia. Kisha spika ikatoa sauti kavu, yenye mikwaruzo, iliyopanda hadi nusu ya njia na kushuka inatweta. Wachezaji walisimama. Nyuma ya taa mtu alicheka, akajifanya anakohoa.

Revati aliinua kiganja, mtulivu kabisa.

"Ustadh, takataka hii ya nani? Nipigieni yangu."

Ustadh Nisar alivua miwani.

"Hiyo ndiyo yako, Bai," alisema. "Ya kwanza tangu homa."