Hodi kwa Mzazi

Zuwena alizima injini ya boti penye boya la manjano, mpaka wa hifadhi. Mbali mbele yao mgongo wa nyangumi ulichomoza, na ubavuni mwake mgongo mwingine, mdogo. Kisha yote miwili ikazama.

"Sogea kidogo tu, mwanangu," alisihi Shaali, abiria wake. "Mke wangu macho yanamwishia. Ameomba amwone nyangumi kabla ya giza."

"Kajifungua juzi, mzee wangu. Chumba cha mzazi hakiingiwi hivi hivi."

"Nani atajua?"

"Yeye."

Zuwena akainama, akaita juu ya maji kama afanyavyo kila safari: "Hodi!"

Kimya. Bi Tausi, mke wa Shaali, akacheka, akaita naye: "Hodi, mwenzangu!"

Kimya tena. Hodi ya tatu waliita wanawake wote wawili, lakini mawimbi tu ndiyo yaliyogonga ubavu wa boti. Hodi tatu bila jibu, mgeni huondoka. Zuwena akashika usukani ili ageuze, na Shaali akajifunika uso kwa viganja.

"Ngoja," Bi Tausi alisema. "Anakuja."

Pumzi kubwa ikapasuka karibu kabisa na boti, ikafuatwa na nyingine, nyembamba, ya mtoto.

"Tausi, tazama! Kulia kwako!"

Lakini mkewe alikuwa amefumba macho. Uso wake ulilowa manyunyu ya pumzi ile, wala hakuufuta.

"Hongera, mwenzangu," alinong'ona.