Nyanjige Achunguza Mkwe

Nyanjige aliingia kwa nesi akichechemea mguu wa kushoto. Mguu wenyewe ulikuwa mzima kabisa. Asubuhi ile ile ulikuwa umemfukuza mbuzi kwenye mahindi.

Alikuja kuchunguza mkwe. Masele, mwanawe wa pekee, alikuwa ametamka kwamba amepata mchumba, nesi wa kituo cha afya pale Somanda, jina lake Domitila. "Ila usiende kumwona, mama," alionya. "Subiri nimlete."

Kumwambia Nyanjige asiende ni kumfungulia mlango. Na hospitali alikuwa ameapa kutoikanyaga, tangu marehemu mumewe aingie huko kwa miguu yake akatoka amebebwa. Hata kichwa kilichomgonga tangu msimu wa pamba alikitibu kwa kukifunga kitambaa na kumlaani jirani. Masele alimbembeleza akapimwe mpaka akachoka. Lakini mkwe mvivu ni hatari kuliko hospitali.

"Mwangaluka, mayu." Domitila alisimama, akapiga goti kumsalimu mama kwa Kisukuma.

Si binti mdogo, Nyanjige aliwaza, lakini goti lipo.

"Mguu unanisumbua, mwanangu."

"Pole. Tuanze na mkono."

Akamfunga mkanda wa presha, akapima, akahamia mkono wa pili, akapima tena. Uso wake ukabadilika. "Kichwa nacho? Kinakugonga huku kisogoni ukiamka?"

Nyanjige alishtuka. Habari za kichwa hakuwa amezitaja. Na akili anayo, aliwaza.

"Presha iko juu sana, mayu. Ungeendelea hivi ungeanguka."

Domitila alikuwa muuguzi mbobezi, na wagonjwa wote wa presha pale kituoni walikuwa mikononi mwake. Alimweleza dawa kwa Kisukuma, taratibu, bila kumfokea. "Utameza kila siku?"

Nani atabishana na mkwe siku ya kwanza? Nyanjige alimeza. Chumvi akaipunguza. Kila miadi alirudi, mara tumbo, mara kiuno, kumbe anapima kama mwenzake ana subira. Alikuwa nayo. Kichwa kikaacha kugonga, jirani akasamehewa, na Nyanjige akampenda Domitila kuliko alivyokusudia. Usiku aliomba Mungu asije akatokea mwanaume mwingine mwenye ng'ombe wengi akamwahi.

Siku presha iliposhuka kabisa alikuja na kitenge kipya, akimkokota Masele kwa mkono.

"Nimemaliza kuchunguza," alitangaza. Hakukumbuka hata kuchechemea. "Ng'ombe wa mahari wapo. Wazazi wako tuwafuate wapi?"

Domitila aliuinamia mkanda wa presha, akaukunja, akaukunjua. "Masele, mwambie mama."

Masele alikuna kisogo. "Mama, Nesi Domitila ana mume, yuko Malampaka. Na ana watoto wanne. Mimi nilikuja hapa kumlilia kwamba utakufa huku nakuangalia. Akaniuliza, huyo mama yako, kitu gani kinaweza kumtoa nyumbani?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia, mkwe wa kumkosoa."